Wiliamu hataki kuchanua

Wete, Pemba

Shoga yangu Raya,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, watoto wazima, goti la Bi Mkubwa ndiyo lile lile. Najua nimenyamaza tangu Mfunguo Mosi, hata ahsante ya mbegu sikukuletea. Usinune, utanisema siku ukija. Leo nimeshika kalamu kwa ajili ya huyu Wiliamu wako, lile ua la Kizungu waliloliita Sweet William.

Mbegu nilizitia mwezi wa Juni, masika yanamalizikia. Nikatumia vifuu, udongo wa mchanga na samadi iliyooza, jivu kidogo, nikazifunika juu juu tu. Siku ya kumi zikaota; nikacheka peke yangu uani. Nikapata miche 14. Konokono akala, kuku wa jirani akaparura, imebaki sita. Na hiyo sita, shoga, uione! Majani yamejipanga duara, yamelala chini kama kisahani. Lakini kitumba cha ua? Hakuna, na huu mwezi wa saba tangu nizitie.

Bi Mkubwa kila alfajiri anauliza kwa sauti, "Umemnywesha maji Wiliamu?" Mtaa wa pili washasema nimeweka mgeni wa Kizungu.

Juzi ndipo nilipoisoma ile pakti vizuri. Kumbe mwaka wa kwanza ni majani, maua mwaka wa pili, na katikati sharti apigwe na baridi. Baridi ya wapi, Raya? Kipupwe chetu unajifunika kanga, basi. Na sasa kaskazi imeingia, hata nazi zinatoka jasho. Nikawaza kutia mche mmoja kwenye friji, ubavuni mwa samaki. Shemegi yako kasema nikifanya hivyo yeye atalala barazani.

Halafu ulinambia ua lenyewe linanukia karafuu. Hapo ndipo Bi Mkubwa anaponimaliza: "Karafuu imejaa jamvini, wewe unaihangaikia kwenye kifuu?" Na asmini wake pale ukutani, asiyesomewa pakti, kila magharibi anafunguka. Sina la kumjibu. Ila nataka nilinuse hata mara moja, nijue ni kweli au ulinichezea.

Kosa langu jingine, nilishamwahidi Rukia ua hili kwa harusi yake. Tangu umhadithie kuwa Kate alipoolewa na Mwanamfalme William wa Uingereza mwaka 2011 ua hili lilikuwamo kwenye shada lake kwa ajili ya jina la mumewe, naye analitaka la kwake, pamoja na kikuba. Nikamwambia wewe mumeo Hamadi, tafuta ua la Hamadi. Kanuna siku mbili.

Sasa nijibu upesi. Ile aina inayochanua mwaka huo huo bila kungoja baridi, unaweza kunipatia? Utampa nani aje nayo? Hii sita niing'oe au niivumilie mpaka kipupwe? Na shangazi yako bado yuko Lushoto? Kule baridi ipo; nikimpelekea miche miwili ataitunza, au ndiyo chakula cha mbuzi? Na wewe mwenyewe lini, au mpaka Rukia awe na wajukuu?

Nakomea hapa, upepo unanipeperushia karatasi na Bi Mkubwa keshaanza kuita. Wiliamu hajanywa maji.

Wasalaam,
Shoga yako Mize