Barua kwa Mwanangu Anayepanda Lushoto

Tanga, mwezi wa Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku nyumbani hatujambo, baba yako anakohoa kidogo lakini anakula. Nimeyashika uliyoniambia kwenye simu: Saba Saba mnapanda Lushoto watu watatu, na mmeshaanza kununiana kabla hata ya kukata tiketi. Mmoja ana gari na anataka hoteli. Wewe una mshahara wako wa ualimu, hautoshi wala haukosi. Wa tatu ajira bado, kila akiulizwa anajibu, "Mimi popote nalala." Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mimi niliwahi kuwa yeye. Ilikuwa 1997, niko chuo cha ualimu, na rafiki yangu mmoja ambaye baba yake alikuwa na uwezo akanishika mkono twende milimani wakati wa likizo. Nauli nilikuwa nayo, na chakula cha siku mbili. Tulipofika akaelekea kwenye hoteli moja ya zamani iliyojengwa kwa mawe, ina bustani na moto wa kuni ukumbini. Bei aliyotajiwa pale mapokezi ilinikausha mate. Nikamwambia bila kufikiri, "Mimi nitalala kwa shangazi yangu, anakaa hapa chini karibu na stendi."

Sina shangazi Lushoto, mwanangu. Sijawahi kuwa naye.

Nililala gesti. Kitanda kimoja, blanketi moja jepesi kama leso, na ilikuwa Julai. Mji ule uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi wa Tanga baridi tunaisikia kwenye redio tu. Nilivaa nguo zote nilizobeba, nikajifunga kanga mbili juu yake, na usingizi haukuja. Alfajiri mama mmoja aliyekuwa akifagia uani akaniona nimejikunyata, akaniletea ndoo ya maji ya moto na kikombe cha chai. Hakuniuliza kitu.

Saa mbili asubuhi rafiki yangu akatokea, amenunua kilo ya sukari. "Nipeleke nikamsalimie shangazi." Nikasema shangazi kaenda shamba. Nikaipokea ile sukari, na alipogeuka nikampa yule mama wa gesti.

Ndiyo maana nakwambia: rafiki yako akisema analala popote, msimwamini. Kaeni chini nyote watatu, kila mtu aseme anacho kiasi gani, na safari ipimwe kwa mfuko ulio mdogo. Mkusanye fedha sehemu moja, mmoja wenu ashike, asiwepo wa kufungua pochi mbele ya mwenzake kila mnapokula. Atakayezidiwa na hamu ya anasa aiweke mpaka atakapokwenda na mkewe.

Kuhusu gari, ama mpande wote humo na mchangie mafuta, ama liachwe Dar es Salaam. Msije mkagawanyika. Mabasi ya Lushoto yapo pale stendi ya Magufuli, na mkikosa la moja kwa moja pandeni la Moshi au Arusha mshuke Mombo, kisha mtafute Noah au Kosta ya kupanda mlima. Kutoka Mombo ni kilomita 33 tu, lakini ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande huu na bonde upande ule. Hapo mwenye gari na mwenye tiketi ya basi wanatapika sawasawa. Mkifika Soni tazameni maporomoko ya maji.

Mahali pa kulala ndipo pasiponyimwa fedha. Msitafute hoteli ya mawe, tafuteni gesti safi ya katikati, na kabla ya kulipa ingieni chumbani mshike blanketi kwa mkono. Ulizeni yako mangapi. Ulizeni maji ya moto yanakuja saa ngapi, na kama ni ya bomba au ya ndoo. Hili la blanketi nalisema kama mtu aliyefanya utafiti.

Kula hakutawasumbua. Lushoto ndiyo inayolisha Kariakoo kabichi na karoti, kwa hiyo mboga iko mlangoni. Kwa mama lishe wa sokoni mtashiba ugali na maharage. Siku moja jitanueni: nendeni kwenye shamba la Irente, lile la Kanisa la Kilutheri, mle mkate wao na jibini. Nendeni kwa miguu, ni mwendo wa saa moja na zaidi kidogo, na njiani watoto watawasalimia mpaka mchoke kuitikia. Mbele ya shamba kuna ukingo wa mlima unaokatika ghafla. Chini yake mtaiona Mazinde na mashamba ya mkonge, na nyika ya Wamasai inayokwenda mpaka macho yakome. Yule rafiki yangu na mimi tulikaa pale mchana kutwa, na kwa saa zile sikukumbuka kabisa kwamba mimi ndiye wa gesti.

Msitu wa Magamba una kiingilio, raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na ni vizuri kuchukua mwongozaji. Gharama yake mkiigawa kwa watatu ni nyepesi. Hapo ndipo mwenye gari, kama mkono unamwasha kutoa, atoe: amlipe mwongozaji vizuri. Wa tatu hatajisikia mzigo kwa hilo. Humo mtaona mbega, wale weusi wenye nywele ndefu nyeupe.

Nikitaja mbega namkumbuka Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wa Kilindi uliotawala Usambara kutoka Vuga. Wasambaa husimulia kwamba alitoka Unguu akiwa amefukuzwa na ndugu zake, hana kitu ila mbwa na mikuki ya kuwindia nguruwe. Akawapa watu nyama, wao wakampa chakula cha shambani, na mwishowe wakampa na nchi. Msimulie huyo wa tatu, atacheka.

Beba sweta mbili, moja yako na moja ya kumwazima mwenzio bila kusubiri aombe. Na ukipita stendi, uliza kama gesti yenye ua wa nyuma bado ipo. Yule mama sidhani.

Rafiki yangu bado tunapigiana simu. Miaka yote hii anauliza, "Shangazi wa Lushoto hajambo?" nami najibu hajambo, anakusalimu. Mwaka jana uongo ukanichosha, nikataka kumweleza kweli, mdomo ukateleza nikasema amefariki. Akalia, mwanangu. Akanitumia rambirambi elfu 50.

Nilishindwa kuila. Ndiyo ile uliyoikuta kwenye simu yako jana ukaniuliza ni ya nini. Iingize kwenye mfuko wenu, kwa jina la yule wa tatu.

Mama yako