Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka 2024 na Suala la Jina la Kombe

Ndugu wanachama, mabibi na mabwana, wageni waalikwa,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji ninawasilisha mbele yenu taarifa ya chama chetu cha wapenzi wa mpira wa mikono, sisi wazungumzaji wa Kiswahili tunaoishi Paris na vitongoji vyake, kwa kipindi cha Januari hadi Desemba 2024. Nawashukuru mliofika kwa wakati. Wale waliotuma ujumbe tangu saa nane kwamba wako njiani, katibu atawasomea muhtasari watakapofika.

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo sitawachosha. Januari tulikusanyika kutazama Mashindano ya Ulaya kutoka Ujerumani. Katika nusu fainali ya Ufaransa na Sweden baadhi yenu mlikuwa mmeshavaa makoti, Elohim Prandi akapiga mpira wa adhabu muda ukiwa umekwisha, ukapita juu ya ukuta, ikawa 27-27. Ufaransa ilishinda 34-30 katika dakika za nyongeza, halafu ikaifunga Denmark 33-31 kwenye fainali mjini Cologne. Machi palikuwa na mafunzo ya waamuzi wa watoto. Julai tulikwenda Porte de Versailles kwa mechi za makundi za Olimpiki, Agosti basi moja likaenda Lille. Oktoba palifanyika kombe la watoto, ambalo nitalirudia kwa kirefu. Novemba na Desemba tulikuwa na jioni za historia. Picha ziko kwa katibu.

Kuhusu Lille, nasema moja tu, kwa kuwa bado kuna wanaolizungumza kama msiba wa nyumbani. Tarehe 7 Agosti, robo fainali na Ujerumani, Ufaransa inaongoza kwa bao moja, mpira uko nao, sekunde chache zimebaki, Dika Mem anaupoteza na Renars Uscins anasawazisha. Tulifungwa 35-34 baada ya dakika za nyongeza, na hapo ndipo Nikola Karabatic, nyota wa timu ile, alipomaliza kazi yake. Wanaomlaumu Mem nawaomba wakumbuke kwamba timu ile ilikuwa imefungwa na Denmark na Norway katika kundi lake na kutoka sare na Misri. Haikufa kwa sekunde zile peke yake. Siku tatu baadaye wanawake walipata medali ya fedha ukumbi uleule, na waliokuwa wamesusa kwa hasira hawakuiona.

Sasa suala la mahudhurio. Jioni za historia nilizipendekeza mimi, nikaziandaa mimi, usiku, baada ya kazi, vipande vya video nikavikata mwenyewe. Ya kwanza ilihusu kikosi cha kocha Daniel Costantini kilichochukua ubingwa wa dunia Iceland mwaka 1995 kwa kuifunga Croatia 23-19. Ule ulikuwa ubingwa wa kwanza wa dunia kwa Ufaransa katika mchezo wowote wa timu, na vijana wale waliopewa jina la Barjots, yaani vichaa, ndio waliofungua mlango ambao wengine wote wamepitia. Ukumbi ulijaa. Ya pili ilihusu fainali ya dunia ya mwaka 2001 pale ukumbi wa Bercy, Paris, Grégory Anquetil akiwasawazishia dhidi ya Sweden mwishoni kabisa, kisha ushindi wa 28-25. Ukumbi ulikuwa nusu. Ya tatu ilikuwa ya kikosi cha kocha Claude Onesta, kilichotwaa dhahabu ya Olimpiki Beijing 2008 na London 2012 mfululizo. Walikuja ishirini na kitu.

Ya nne ilikuwa ya wanawake. Tulipanga viti sitini na kuagiza sambusa mia mbili. Ukiondoa kamati na mwenye funguo za ukumbi, hatukufika kumi. Tuliketi safu ya mbele tukatazama fainali ya dunia ya mwaka 2003 mjini Zagreb: Ufaransa iko nyuma ya Hungary kwa mabao saba, inarudi moja moja, na Leila Lejeune anasimama kwenye mstari wa mita saba, yaani wa penalti, muda ukiwa umekwisha, bao lake ndilo linalopeleka mechi kwenye nyongeza. Wakashinda 32-29. Mama mmoja wa Bujumbura alisimama kwenye kiti. Sambusa zilizobaki tuligawana kwenye mifuko, nyingine nilizipeleka kazini kwangu. Wanachama walewale wasiokuja ndio walioandika kwenye kundi la WhatsApp wiki iliyofuata kwamba chama hakifanyi kitu.

Fedha. Mweka hazina atasoma hesabu zake, mimi natoa jumla tu. Tuna wanachama 84 kwenye daftari. Waliolipa ada kamili ya euro 40 ni 31. Wapo waliolipa nusu, na wapo waliosema watalipa mwisho wa mwezi bila kutaja mwezi gani. Mapato yote, ukijumlisha ada, michango, tiketi za basi na mauzo ya chakula, yalikuwa euro 3,900, na matumizi euro 4,350. Tofauti ilizibwa kwa akiba, na sehemu nyingine kwa msaada wa mtu ambaye hapendi jina lake litajwe, ingawa mweka hazina anamfahamu na yupo mbele yenu leo.

Baadhi ya wasiolipa wameandika kwamba wamezuia ada kwa sababu ya jina la kombe. Hapa sasa naomba mnivumilie.

Mwezi Februari kamati ilikaa kuamua kombe letu la watoto liitwe kwa jina la mchezaji gani. Kamati ina watu saba. Wanne walimchagua mlinda mlango Thierry Omeyer, watatu Nikola Karabatic. Kura yangu ilikuwa moja kati ya zile nne. Kusema kwamba mwenyekiti ameamua peke yake ni kuwadharau wenzangu watatu, ambao ni watu wazima wenye akili zao.

Hakuna aliyesema Karabatic si mkubwa. Alizaliwa Niš mwaka 1984, baba Mkroatia, mama Mserbia, akaletwa Ufaransa akiwa mtoto mdogo. Amechukua dhahabu tatu za Olimpiki, ubingwa wa dunia mara nne, wa Ulaya mara nne, na ametajwa mchezaji bora wa dunia mara tatu, 2007, 2014 na 2016. Alitwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya na klabu tatu za nchi tatu: Montpellier, Kiel na Barcelona. Mwaka 2020 goti lake lilikatika mshipa, akiwa na miaka 36, na kiangazi kilichofuata alikuwa Tokyo akivishwa dhahabu. Wanaomtetea walisema pia kwamba ni mtoto wa wahamiaji kama watoto wetu, na hoja hiyo ilinigusa, kwa sababu ni ya kweli.

Lakini mwezi Februari alikuwa bado anacheza. Chama hakiweki jina la mtu ambaye bado anavaa jezi. Nimeulizwa kanuni hiyo imeandikwa wapi. Imeandikwa kwenye muhtasari wa kikao hichohicho, ukurasa wa pili. Pia ipo kesi ya kamari ya mwaka 2012, iliyohusu mechi ya Montpellier na Cesson, ambayo mahakama ilimtoza faini. Mimi si hakimu. Alilipa, akarudi uwanjani, akashinda tena kila kitu, na huko nako kuna ujasiri. Nilichosema kikaoni ni kwamba hili ni kombe la watoto wa miaka kumi, na mtoto wa miaka kumi huuliza maswali. Maneno mengine yaliyonukuliwa kwenye kundi sikuyasema.

Na kwa nini Omeyer? Kwa sababu ametoka mbali. Ni mtoto wa Mulhouse, aliyezaliwa mwaka 1976, na hadi mwaka 2000 alikuwa akidaka Sélestat, klabu ya mji mdogo wa Alsace. Ubingwa wa dunia wa 2001 aliupata akiwa kijana nyuma ya Bruno Martini. Alisubiri. Mwaka 2003 alikuwa langoni Montpellier ilipokuwa klabu ya kwanza ya Ufaransa kutwaa Ligi ya Mabingwa, kisha akaenda Kiel akaitwaa mara tatu zaidi. Mwaka 2008 alichaguliwa mchezaji bora wa dunia, yeye mlinda mlango, mbele ya wafungaji wote. Mashindano ya Dunia ya Qatar 2015, akiwa na miaka 38, ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa mashindano. Angalieni matokeo ya fainali ya London: 22-21. Matokeo kama hayo huamuliwa langoni. Nimewaonyesha video vijana wetu: mguu unapanda hadi usawa wa bega, mpira unagonga soli ya kiatu, na kabla haujatua chini jamaa ameshageuka anawafokea mabeki wake kwa furaha. Watoto wawili waliokuwa wakikataa kukaa golini sasa wanagombania nafasi hiyo.

Imeandikwa kwamba nilimpendelea kwa kuwa mimi mwenyewe nilidaka enzi za shule, Tanga. Ni kweli nilidaka, na wapo waliocheza nami wanaoweza kueleza nilidaka vipi. Haihusiani. Hata Branko, baba yake Karabatic, alikuwa mlinda mlango, kwa hiyo kambi zote mbili zina deni kwa walinda mlango.

Ndugu zetu wa Ngazija na Mayotte walileta barua wakisema jina lilipaswa kuwa Jackson Richardson. Barua ile niliiheshimu kuliko zote, maana iliandikwa kwa adabu na waliotia saini wote wamelipa ada. Richardson ni wa Saint-Pierre, kisiwani Réunion, bahari yetu moja. Ni mchezaji bora wa dunia wa mwaka 1995, bingwa wa dunia mara mbili, amechezea timu ya taifa mechi 417, idadi ambayo Mfaransa mwingine hajaifikia, na ndiye aliyebeba bendera ya Ufaransa kwenye Olimpiki ya Athens 2004. Ile namna yake ya kutoka mbele ya wenzake akiwa mlinzi peke yake, nywele zikimpiga mabegani, na kunyakua pasi za watu wazima waliomzidi kimo, hakuna aliyeisahau. Kama barua ingefika kabla ya kikao, pengine kura zingegawanyika mara tatu. Ilifika Aprili. Nimewaahidi kwamba jina lake litafikiriwa kwa jambo lingine, ambalo kamati italitafuta.

Kutoka kwa akina mama lilikuja swali fupi: kama mlitaka mlinda mlango, kwa nini si Valérie Nicolas, mchezaji bora wa mashindano yale ya 2003? Au Amandine Leynaud, bingwa wa dunia 2017 na mwenye dhahabu ya Tokyo? Wakaongeza kwamba Allison Pineau alikuwa mchezaji bora wa dunia mwaka 2009, na kwamba wanawake wa Ufaransa ni mabingwa wa dunia wa mwaka 2023, huku sisi tukibishana kuhusu wanaume wawili. Hoja hiyo ilinifikia baada ya fundi kumaliza kuchonga. Kuchonga kulitugharimu euro 180, na kufuta jina kwenye chuma hakuwezekani bila kununua kombe jipya. Anayetaka kombe jipya alete pendekezo na fedha kwa pamoja. Nawakumbusha pia, kwa upole, ni nani waliokuwepo ile jioni ya nne na ni nani hawakuwepo.

Kombe lenyewe lilichezwa vizuri. Zilikuja timu nane, mvua haikutusumbua kwa kuwa tulikuwa ndani, na mshindi alipatikana kwa mikwaju ya mita saba. Aliyewashindia alikuwa kipa, binti wa miaka kumi na moja. Sisemi zaidi.

Mipango ya mwaka huu. Tunatarajia kuendelea na jioni za historia iwapo watu watakuja. Tunatarajia kupata ukumbi wa bei nafuu zaidi. Kuna mazungumzo ya kuwa na kombe la pili, la wasichana, lenye jina la mwanamke, hali ya fedha ikiruhusu. Kuna wazo la kumwalika mchezaji mmoja mstaafu aje kuzungumza na vijana. Nimeandika barua mbili na nangoja majibu. Safari ya kutazama mechi nje ya Ufaransa itategemea idadi ya watakaolipa mapema, kwa maana halisi ya mapema.

Baada ya chai mweka hazina atasoma hesabu, kisha tutaingia kwenye uchaguzi. Wanachama kadhaa wameniomba nigombee tena na sikuwakatalia. Ajenda ya jina la kombe haimo kwenye orodha ya leo, kwa kuwa aliyetaka iwemo alipaswa kuandika siku kumi na tano kabla. Karatasi za kura zitatolewa mezani kwa mweka hazina, kwa waliolipa ada kamili. Anapokea fedha taslimu, na leo amekuja na chenji.