Barua kwa shoga yangu wa depo

Wete, Pemba

Shoga yangu Mwanakombo,

Assalamu alaikum. Natumai u mzima, na wazee wa Makunduchi wazima. Sisi hatujambo. Bi Mize goti lake ni lile lile, karafuu zimeshika, majamvi yametanda mpaka ukingoni mwa barabara. Najua nimenyamaza tangu msiba wa Koplo, nisamehe. Na leo pia si salamu zilizonitia kalamu mkononi.

Ni Khamis, mtoto wa kaka yangu, yule uliyemfunga kilemba siku ya harusi ya Riziki. Jumanne nilikuwa uani nageuza karafuu, akaingia na wenzake wawili wanaburura polo la vyuma chakavu. Siku hizi hupita mtu na baiskeli ananunua kwa kilo, basi watoto hawalali: misumari, mabati, nanga mbovu, chochote. Khamis akatia mkono ndani ya polo, akatoa kitu kimeliwa na kutu, ukubwa wa danzi, juu kina kishingo kifupi. Akanambia kwa furaha, "Shangazi, lile bomu lako la kukohoa moshi hili hapa!"

Wallahi, shoga, miguu yangu ilikufa. Nikamwambia akiweke chini taratibu. Yeye akakirusha juu akakidaka, kama anacheza na embe.

Unaujua uwanja wangu. Toka mlangoni mpaka kwenye mnazi haifiki mita 15, na unakumbuka tulivyokaririshwa depo, kambini kwa makuruta: bomu la mkono ndani ya mita 5 linaua, mpaka mita 15 linajeruhi, na vipande vingine vinakwenda mbali zaidi. Tulikuwa watu watano hapo, Bi Mize kakaa mkekani hawezi hata kuinuka bila ya kushikwa. Sikupiga kelele. Nilimwendea Khamis, nikamshika kiganja chake na kitu chake ndani, tukainama pamoja mpaka kikagusa mchanga. Halafu nikawatoa wote, Bi Mize nikambeba mgongoni. Sheha akaja, polisi wakaja, mwisho wakaja wanajeshi wakakichukua. Ilikuwa ni nini hasa, hawakutwambia, na mimi sikuuliza. Usiku sikulala.

Sasa sikiliza linaloniuma. Yale maneno ya kukohoa moshi mtoto kayatoa kwangu. Kila mwaka watoto wakikusanyika nawahadithia: tulivyokuwa makuruta, mabomu ya mazoezi hayatoshi, afande akatujazia mchanga chupa za maji, akamwomba seremala atuchongee vipande vya mwembe. Asubuhi nzima tunarusha chupa kwenye duara la chokaa, mkono unavimba begani. Wewe na Mama Siti mkinung'unika, na afande anatueleza kwamba mwaka 1915 kule Gallipoli askari wa Uingereza na Australia walikosa mabomu wakajitengenezea kwa makopo ya jamu, na mengine yakawalipukia wenyewe mikononi. "Nyinyi mshukuruni mchanga," akisema. Watoto wanaipenda sana hiyo.

Halafu nafika kwenye kisa chako. Siku tulipopewa la mazoezi lenyewe, chuma kitupu, uzito ule ule wa la kweli, pini ile ile, wenzo ule ule, fyuzi yake, ule utambi unaochelewesha mlipuko, ya sekunde 4 au 5. Ukang'oa pini, jasho la kiganja, likakuponyoka likaanguka miguuni mwako ndani ya handaki. Na mimi nawaigizia watoto ulivyoruka, na bomu lilivyosema "puh" likatoa moshi chini kama mzee mwenye pumu. Wanacheka mpaka wanalala chini. Miaka yote nimewachekesha, Mwanakombo. Mwisho wake sikuwahi kuwahadithia hata siku moja: afande hakucheka. Aliwaangalia nyinyi watatu mliokuwamo handakini akasema, "Mmeshakufa." Akaondoka. Na wewe ulikaa umeshika kifundo cha mguu, maana ile fyuzi ilikuunguza, na hukusema mpaka usiku, ulipovua buti tukaona ngozi imetoka na soksi. Kambi ile hawakukupeleka hospitali mpaka siku ya tatu. Hilo bado sijalisamehe. Wala sijajisamehe mimi kwamba nilicheka, na wewe ukacheka kwa kunifuata tu. Nakuomba radhi kwa dhati, shoga. Nimechelewa, lakini nakuomba.

Nikifikiri, lile bomu la mazoezi limetengenezwa kusudi lifanane na la kweli, mkono uzoee. Kwa kuruta ni sawa, afande yupo, handaki lipo. Mtoto wa miaka tisa atatenganisha vipi? Rangi? Marekani la mazoezi wanalipaka buluu, haya. Likikaa mchangani miaka ishirini yote yanakuwa rangi moja, rangi ya kutu. Unakumbuka Ngara, Novemba 2017, skuli ya msingi ya Kihinga? Mwanafunzi aliokota bomu la mkono akidhani chuma chakavu cha kuuza, akaenda nalo skuli. Watoto watano wakafa. Sisi wawili tulilia kwenye simu siku ile, na bado mimi nikaendelea na hadithi yangu ya moshi kama kwamba Ngara na uwanja wangu haviingiliani.

Khamis nimemkalisha kitako, nimemweleza. Ananisikiliza kwa adabu, lakini machoni naona bado anangoja nicheke. Mimi ndiye niliyemfundisha kucheka, kwa hiyo neno langu hapa limepungua nguvu. Lako halijapungua.

Basi naomba hisani. Mtumie sauti kwenye simu yangu, wewe mwenyewe, umhadithie lile handaki kama lilivyokuwa kwako. Je, ulipolisikia linagonga buti, ulijua kwamba ni la mazoezi, au ulisahau? Zile sekunde ulihesabu? Kovu lipo bado? Unaweza kulipiga picha, au nakutaka jambo zito? Ukiona zito, niambie tu, sitaudhika. Na mwanao wa kwanza, ni kweli anataka kwenda kambini mwaka huu, au Mama Siti kakuza maneno? Umemwambia habari ya mguu? Na lini utavuka bahari? Mwalimu wa chuo chetu cha Kurani kanambia, ukija, atatupa Alhamisi moja baada ya alasiri tuzungumze na watoto wote, wa kike na wa kiume.

Ukituma sauti, tuma usiku. Mchana simu anakuwa nayo kaka.

Shoga yako,
Zuwena

Karafuu zako pishi mbili nimeziweka. Zitakuja na boti ya Jumamosi, mpokeaji ni yule yule.