Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu, hivyo sitazirefusha: ndege walihesabiwa mara 2, kingo za bwawa zilisafishwa mara 3, na wanachama wapya walipewa mafunzo.

Linalonilazimu kulifafanua ni uamuzi wa kamati wa kutumia zaidi ya nusu ya akiba ya chama kupima sumu katika mayai viza 14 na manyoya 40 yaliyookotwa chini ya viota, badala ya kupima maji ya bwawa kama baadhi yenu mlivyotaka. Imesemwa kwamba niliwaburuza wajumbe. Ni kweli hoja niliileta mimi na kuitetea katika vikao 2, lakini ilipita kwa kura 6 dhidi ya 3, na kumbukumbu ziko kwa katibu.

Maji yakipimwa peke yake huweza kuonekana salama ilhali ndege wanakufa. Katika ziwa la Clear Lake, California, kiuatilifu cha DDD kilimwagwa mwaka 1949, 1954 na 1957 ili kuua visubi, kwa kiwango kisichozidi sehemu 1 katika milioni 50 za maji. Hata hivyo, mafuta ya miili ya vibisi, ndege wa majini walao samaki, yalikutwa na hadi sehemu 1,600 katika milioni, kwa kuwa sumu ilipanda kutoka kwa vijiumbe vya majini hadi kwa samaki, na kwa samaki hadi kwa ndege. Jozi zilizokuwa zikizaliana pale zilishuka kutoka zaidi ya 1,000 hadi 30 hivi. Unyoya, kwa upande wake, hupokea zebaki, metali yenye sumu, kutoka katika damu unapoota na kuihifadhi, wala ndege hadhuriki tukiuokota. Kuhusu mayai, mimi mwenyewe nilishika yai la mnandi, ganda likabonyea chini ya kidole gumba kabla sijalikaza, na tangu siku hiyo sikuona sababu ya kungoja. DDE, itokanayo na kuvunjika kwa kiuatilifu cha DDT, hupunguza unene wa maganda, ila sitaki kuyatangulia majibu ya maabara. Yaliyofika ni ya manyoya tu: zebaki imo katika yote, na imezidi kwa ndege walao samaki.

Mahudhurio yamenihuzunisha. Tuko wanachama 96, lakini siku ya kuokota manyoya tulifika 7, wakiwemo wajumbe 2 walioupinga uamuzi, ambao nawashukuru kwa dhati. Waliolipa ada ni 38, na wengine 21 wanadaiwa ya miaka 2 au zaidi. Majibu ya mayai yamekwama kwa sababu hatujamaliza kuilipa maabara, na lawama hiyo siwezi kuibeba peke yangu.

Mwaka ujao, Mungu akijalia na fedha zikipatikana, tunatarajia kuendelea na vipimo na pengine kupima pia tope la bwawa, ambamo bakteria wa mahali pasipo na oksijeni huigeuza zebaki kuwa ya methili, ile inayojilimbikiza miilini. Mweka hazina atakuwa mlangoni na kitabu cha stakabadhi hadi mkutano ufungwe.

Mwenyekiti