Ndege ndogo zimezidi hatari ama ni woga wetu?

Mhariri,

Tangu ile ndege ya Diani kwenda Maasai Mara ianguke Kwale Oktoba 2025 ikaua watu 11, ndege ndogo kama Cessna ikipita juu ya Likoni watu wote macho juu. Na Januari mwaka huohuo ingine iliangukia barabarani Malindi ikaua walio chini, sasa mtu aseme nini? (Matatu zatumaliza kila siku na bado twadandia, lakini hiyo hatuogopi.) Mi naona shida si ndege, manake rubani wa ndege ndogo mara nyingi ategemea macho yake, na vile vilima vya Kwale vikijifunika ukungu asubuhi huoni kitu, halafu abiria washalipa wataka kufika tu. Rubani akisema tungoje, tungojeni jamani, Mara haihami.

Msomaji, Likoni