Mmemsahau yule muuguzi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu filamu za zamani za Hollywood nimeisoma hadi nukta ya mwisho. Ila mlipofika kwenye Rear Window ya 1954 mmemtaja mwongozaji Hitchcock, mmemtaja mwigizaji James Stewart na mguu wake wenye plasta, kisha nusu ya safu mkaimalizia kwenye magauni ya Grace Kelly. Yule muuguzi anayekuja kumkanda Stewart na kumsuta kwa kuchungulia majirani mmempita kama nguzo ya umeme. Ana jina: Thelma Ritter.

Alizaliwa Brooklyn mwaka 1902. Kazi ya jukwaani aliiweka kando alee watoto, sinema ikamkuta mtu mzima. Alikuwa na miaka 45 alipotokea kidogo tu kwenye Miracle on 34th Street, mama aliyechoka kuzunguka madukani akimtafutia mwanawe gari la zimamoto la kuchezea. Jina lake halikuandikwa hata kwenye orodha ya waigizaji.

Kati ya filamu za 1950 na 1962 aliteuliwa mara 6 kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Hakupata hata moja. Mwaka 1955 wakampa kuongoza sherehe yenyewe, yeye akiwa New York na mchekeshaji Bob Hope akiwa Hollywood. Kupakua alipakua, kula hakula.

Anayebisha aitafute Pickup on South Street ya 1953. Humo ni Moe, mama anayeuza tai mtaani na kuwauzia polisi habari za vibaka. Kila senti anaweka akiba ya mazishi yake, maana anachoogopa si kufa, ni kuzikwa na jiji kama asiye na mtu. Usiku mmoja anarudi chumbani hoi, anaweka santuri, anamkuta muuaji anayetaka aelekezwe kwa mtu fulani. Moe hamtaji. Halii, hapigi kelele. Anamwambia tu kwamba amechoka. Kamera inahamia kwenye gramafoni, tunasikia mlio wa bastola. Steringi wa filamu ile ni Richard Widmark, na ni hodari, lakini mimi nimeirudia kwa ajili ya dakika hizo chache.

Mkiandika tena, mpeni walau mistari mitatu. Gauni moja la Grace Kelly mnaweza kulipunguza.

Msomaji wenu,
Tanga