Tauni ya 1902 bado inatupangia Nairobi

Mhariri,

Juzi nilisoma barua ya msomaji mmoja akisema kipindupindu kikiingia Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ni kwa sababu ya tabia yetu, ati watu wa huku tumezoea uchafu na dawa ni kuondoa vibanda vyote vya chakula. Mimi nimezaliwa Shauri Moyo na bado naishi Shauri Moyo, na hayo maneno yaliniuma sana manake si mapya, yalisemwa kwa mji huu huu ukiwa mchanga wa miaka mitatu hivi, na vile mji unakaa leo umetoka kwa maneno hayo.

Reli ilifika hapa Mei 1899. Wahandisi walitaka mahali tambarare pa kupanga mabehewa na kujenga karakana kabla ya kuanza kupanda kuelekea Limuru, na mto uko hapo karibu, basi wakaona panafaa. Wamaasai walipajua ni mahali pa maji baridi, pa kunyweshea mifugo. Kwa mabehewa palifaa lakini kwa binadamu kulala maelfu kwa maelfu ilikuwa shida, ule udongo mweusi tunaoujua wote, mvua ikinyesha maji yanasimama siku nyingi hayana pa kwenda. Wakaja vibarua, wakaja Wahindi wenye maduka, Bazaa, yaani soko lao, ikasongamana, duka mbele familia nyuma, magunia ya nafaka hapo hapo, mitaro ya maana hakuna. Hapo nani alikuwa mchafu, mwenye duka ama aliyemgawia ploti kwenye kinamasi bila mtaro?

1902 tauni ikaingia Bazaa. Ugonjwa huu ulikuwa unasafiri na meli na nafaka, kule Bombay, India, ulikuwa unaua watu tangu 1896 na biashara ya pwani yetu na Bombay mnaijua. Mtu anashikwa na homa kali, anavimba mtoki kinenani ama kwapani, na wengi walikuwa hawamalizi wiki. Wakubwa wa wakati huo wakaamua Bazaa ichomwe, na ikachomwa kweli, nyumba na maduka. Kumbuka Mfaransa mmoja anaitwa Paul-Louis Simond alikuwa ameshaonyesha mwaka 1898 huko Karachi kwamba tauni inabebwa na viroboto wa panya, lakini madaktari wengi walikuwa bado hawajamkubali. Kwa hivyo unachoma nyumba ya mtu na panya mwenyewe hangoji moto, anahamia nyumba ya pili na viroboto wake. Bazaa ikajengwa tena na tauni ikarudi tena miaka iliyofuata. Madaktari wengine walifika mahali pa kupendekeza mji wote uhamishwe upelekwe mahali pa juu lakini reli na maduka yalikuwa yameshaota mizizi, pesa imeshamwagwa, mji ukabaki kwenye tope lake.

Sasa sehemu ambayo naona watu wengi hawaijui ni ya 1913. Tauni ikiwa imerudi tena, serikali ya Uingereza ilimleta profesa anaitwa W. J. Simpson, mtu aliyekuwa amefanya kazi ya afya Calcutta na kushauri miji mingine ya makoloni kuhusu tauni. Alizunguka, akaandika ripoti, na humo akapendekeza Wazungu wakae kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na katikati kuachwe nafasi wazi bila nyumba, ati ndiyo njia ya kuzuia magonjwa. Soma tena hiyo sentensi pole pole. Ugonjwa wa panya na viroboto ukageuzwa ugonjwa wa rangi ya ngozi, na kwa sababu aliyeandika ni profesa wa afya ikaonekana ni sayansi.

Mwaka 1923 serikali ya Uingereza huko London ilitamka kwamba Wahindi hawatatengwa tena na Wazungu mijini, lakini hati za ploti ziliendelea kuwa na masharti nani anaruhusiwa kukaa wapi, na kwa Mwafrika hata hayo matamko hayakumgusa. Kwa hivyo Muthaiga na kule magharibi kwenye udongo mwekundu, juu, ambako maji yanateremka yenyewe, kukawa kwa Wazungu, Parklands ikawa ya Wahindi, na sisi tukasukumwa mashariki kwenye ule udongo mweusi ambao madaktari wenyewe walikuwa wameukataa. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kukusanya Waafrika waliotolewa kwa vijiji vyao vya mjini.

Nyanya yangu alikuwa wa Pangani. Pangani ile ya zamani watu walijenga wenyewe, nyumba za udongo za Kiswahili zenye vyumba vya kupangisha, msikiti uko, mama mjane akiwa na nyumba yake anaishi kwa kodi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikabomolewa, sababu iliyosemwa ni afya na mipango ya mji. Watu wakajengewa Shauri Moyo, nyumba za kukodi kwa serikali ya mji, vyoo vya pamoja, na wazee wanasema jina lilitoka hapo, ukipenda uende, usipopenda shauri ya moyo wako. Nyanya alitoka akiwa mwenye nyumba akaingia akiwa mpangaji. Hadi anafariki alikuwa akisema "nyumbani" anamaanisha Pangani.

Ndiyo maana nikisikia ati ni tabia nashindwa kunyamaza. Mwaka 2017 kipindupindu kiliingia hadi hoteli kubwa za Nairobi kwenye mikutano ya wakubwa na sikusikia mtu akisema wale waheshimiwa wana tabia chafu. Lakini huku kwetu kipindupindu kikitajwa tu, kabla hata maji ya mfereji hayajapimwa, lori linakuja. Mama mmoja jirani yetu anayeuza maharagwe na chapati alivunjiwa kibanda asubuhi moja, sufuria zikabebwa, na mfereji wa maji taka uliopasuka hatua kumi kutoka pale ukaachwa vile vile unatiririka. Huo moto wa 1902 haukuwahi kuzimika, umebadilisha kiberiti tu.

Sikatai usafi, chakula cha barabarani kikaguliwe na wauzaji wapimwe. Ninachoomba wanaohusika ni mpangilio ugeuzwe, fundi wa bomba aje kabla ya lori la kubomoa. Na watuonyeshe wazi kwenye karatasi, mtaa kwa mtaa, mabomba ya maji taka ya Pumwani, Shauri Moyo, Muthurwa na Kaloleni yaliwekwa mwaka gani na yalikusudiwa watu wangapi, kisha waweke pembeni idadi ya wanaoishi hapo leo. Na pale Biashara Street, ambapo maduka ya zamani ya Wahindi bado yako, wekeni kibao kinachosema tauni ilifanya nini kwa mji huu, watoto wetu wanapita pale kununua yunifomu na hawajui kitu.

Yule mama wa maharagwe amerudi mahali pale pale. Maji bado anayanunua kwa mtungi, na lile bomba bado linavuja.

Mkazi wa Shauri Moyo,
Nairobi